Nikiwa jukwaani nasikia makosa yangu, nikiwa kwenye viti nasikia ya wenzangu

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Kazi yangu ni uhasibu, nina mume na watoto wawili, na kwa miaka minne sasa napiga gitaa la besi kwenye bendi yetu ndogo ya watu watano. Hakuna hata mmoja wetu anayeishi kwa muziki. Tunakutana mara moja kwa wiki kwa mazoezi, na kila baada ya miezi michache tunapata pa kupiga: sherehe ya mtu tunayemfahamu, hafla ya shule, au tunaifungulia bendi iliyotuzidi.

Nina matatizo mawili na sijui kama yanahusiana.

La kwanza ni jukwaa. Nyumbani nyimbo zetu zote nazipiga bila kuangalia vidole. Mazoezini pia niko sawa. Tukipanda jukwaani vidole vinakuwa vya baridi, goti la kushoto linatetemeka, na masikio yangu yanabaki kwenye gitaa langu peke yake. Nasubiri kukosea, na kwa kuwa nasubiri, nakosea. Mara ya mwisho, kwenye wimbo wa pili, nilipotea kabisa katikati ya ubeti. Nikasimamisha mkono, nikaingia tena pasipo mahali pake, mpiga dramu akanigeukia, mwimbaji naye akanigeukia, na kuanzia hapo hadi mwisho sikumbuki tulipiga nini. Tuliposhuka watu walikuja kutupongeza. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia ameufurahia sana muziki wetu. Nikamjibu, "Kwani hukusikia nilivyoharibu?" Nikauona uso wake unavyobadilika. Mpaka leo namwonea huruma.

La pili linaniuma zaidi. Kabla sijaanza kupiga, hakuna kitu nilichokipenda kama kwenda kusikiliza bendi ikipiga mbele yangu. Nilikuwa narudi nyumbani usiku sauti imenikauka kwa kuimba. Sasa siwezi. Nasikia gitaa lililolegea uzi mmoja, nasikia mwimbaji anavyozifikia sauti za juu kwa taabu, nasikia mpiga besi akiruka noti. Bendi ikiwa nzuri sana ndiyo balaa zaidi, maana hapo nalinganisha vidole vyake na vyangu, narudi nyumbani nikitaka kuliuza gitaa. Mume wangu ananiambia, "Si burudani tu, mke wangu? Mbona unajitesa?" Hana ubaya, lakini maneno hayo yananikata maini.

Mwenzetu wa kinanda amenipa vidonge viwili vya dawa ya moyo ambayo mama yake anatumia. Anasema vinatuliza mikono. Mwingine anashauri nipate bia moja kabla ya kupanda. Bado sijajaribu chochote. Na jambo dogo la mwisho: baada ya kila shoo masikio yangu yanalia wiii mpaka asubuhi. Wenzangu wote wanasema ni kawaida.

Tumealikwa kupiga tena baada ya miezi miwili. Nikubali, au nibaki kupiga sebuleni kwangu ambako simsumbui mtu?

Mpiga Besi

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Kubali mwaliko. Nimelitanguliza hilo ili usiyasome yaliyobaki ukiwa na wasiwasi. Miezi miwili ni muda mzuri: unatosha kubadili namna unavyofanya mazoezi, na si mrefu kiasi cha kukupa nafasi ya kuahirisha.

Umeandika kwamba hujui kama matatizo yako mawili yanahusiana. Kwa ninavyoona mimi, ni tatizo moja. Ukiwa jukwaani unasikiliza kama msahihishaji aliyeinamia karatasi yako mwenyewe na kalamu nyekundu mkononi. Ukiwa ukumbini unaihamishia kalamu ile ile kwenye karatasi za wengine. Sikio lako halijaharibika. Limefunzwa nusu. Wengi wanaojifunza ala ukubwani hupita hapo, kwa sababu masomo yenyewe yanakwenda kwa makosa: mwalimu anakusimamisha pale ulipokosea, hakusimamishi pale ulipopiga vizuri. Baada ya miaka minne ya namna hiyo, sikio linajua kutafuta kasoro kabla ya kutafuta muziki. Nusu ya pili, ile ya kusikiliza wenzako wanafanya nini na wimbo unaelekea wapi, haifundishwi sana. Watu huachiwa waiokote wenyewe. Hiyo ndiyo nataka uishughulikie, na ukiipata itakusaidia kotekote.

Kwanza hivyo vidole vya baridi, maana havina uhusiano wowote na kipaji. Mwili ukihisi uko hatarini humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, damu inapungua kwenye ngozi na ncha za vidole na kuelekezwa kwenye misuli mikubwa, misuli inakaza, mikono inatetemeka. Wapo wapigaji wa kulipwa wenye miaka mingi kazini wanaopatwa na hayo hayo. Wamejizoeza kupiga yakiwepo. Kwa hiyo usiisubiri siku ambayo hutaogopa. Dakika chache kabla ya kupanda, tia mikono kwenye maji ya vuguvugu na uikaushe vizuri, kisha pigapiga gitaa bila kulichomeka kwenye amplifaya. Unapopumua, itoe pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Huko kuitoa polepole ndiko kunakoshusha kasi ya moyo.

Adrenalini ina jambo jingine ambalo bendi nyingi hazilitambui: inavuruga hisia ya muda. Mwendo mliouzoea mazoezini mtauona unakokota, na mtauanza wimbo mkikimbia. Sitashangaa kama siku ile wimbo wa pili ulianza kwa kasi kuliko mlivyouzoea, vidole vyako vikawa vinaufukuza badala ya kuupiga. Kabla mpiga dramu hajahesabu, mwombe aimbe kimoyomoyo mistari miwili ya kiitikio. Asiimbe ya ubeti wa kwanza. Mara nyingi kiitikio ndicho chenye maneno yaliyobanana au sauti za juu, na mwendo unaomtosha mwimbaji pale utawatosha kwingine kote. Metronomu (kipima mwendo wa muziki), ambayo Johann Maelzel aliipatia hataza mwaka 1815, siku hizi inakaa ndani ya simu; mwekeeni ile inayomulika bila mlio, aitazame kabla ya kuhesabu, halafu aiache.

Vidonge ulivyopewa, virudishe leo. Inaelekea ni dawa za kundi la propranolol, ambazo huizuia adrenalini isifanye kazi yake kwenye moyo. Wanamuziki wamezijua tangu miaka ya 1970, na wapo wanaoandikiwa na madaktari wao. Lakini huandikiwa baada ya kuulizwa na kupimwa. Kwa mwenye pumu zinaweza kubana njia ya hewa hadi kuhatarisha maisha. Kwa mwenye mapigo ya moyo ya polepole, au ambaye presha yake huwa chini, zinaongeza tatizo juu ya tatizo. Isitoshe, dawa za moyo ni nyingi na si zote zinafanya kazi moja, na mwenzenu wa kinanda hawezi kukuhakikishia kilicho ndani ya kile kidonge. Ukiona woga umekushinda nguvu, nenda kwa daktari, mweleze waziwazi kwamba ni jukwaa. Kuhusu bia: inapunguza woga, na pia inapunguza uwezo wa kujua kwamba umechelewa. Mpiga besi hawezi kumudu hasara hiyo.

Sasa mazoezi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jibu langu.

Unasema nyumbani unapiga bila kuangalia vidole, nami nakuamini. Ila je, unapiga umekaa au umesimama? Wapigaji wengi wa nyumbani hukaa, gitaa limelala juu ya paja, halafu siku ya shoo wanasimama na mkanda unaliteremsha gitaa hadi kiunoni. Kiwiko kimebadilika, kifundo cha mkono wa kushoto kimepinda kwa pembe kisichoijua, na zile alama za ubavuni mwa shingo ya gitaa hazipo tena pale jicho lilipozizoea. Kaa kwenye kiti, vaa mkanda, uufupishe mpaka ukisimama gitaa lisishuke hata kidogo. Baada ya hapo fanya mazoezi umesimama, na viatu utakavyovaa siku hiyo, na taa umeipunguza. Ni jambo dogo, na nimeona watu wakiteseka nalo kwa muda mrefu wakidhani wana woga.

Kisha kuna hili la kukosea. Kila unaposimama nyumbani kurekebisha kosa unajifunza vitu viwili kwa pamoja: noti sahihi, na kusimama. Hicho cha pili ndicho ulichokwenda kukifanya jukwaani, tena kwa ustadi, maana umekirudia kwa miaka minne. Zigawe saa zako. Kuna muda wa kutengeneza: polepole, vipande vifupi, kurudia, kusimama unapotaka. Na kuna muda wa kupiga. Huo wa pili una sharti moja, kwamba wimbo ukianza hausimami. Bonyeza simu irekodi, hesabu, piga hadi mwisho. Ukikosea, endelea. Mtoto akiingia kuuliza penseli iko wapi, endelea. Rekodi usiisikilize usiku huo huo. Iache hadi kesho, ukiwa umetulia, na ukiisikiliza andika kwanza mambo mawili yaliyokaa vizuri kabla ya kuandika lililoharibika. Usilifanye hilo la kuandika mazuri ili kujifariji. Unalizoesha sikio kuyatafuta.

Tena usiujue wimbo kwa kuanzia mwanzo tu. Anayeujua hivyo akipotea hana pa kuingilia. Andika sehemu za wimbo kwenye vipande vya karatasi, ubeti wa pili, kiitikio cha mwisho, pale gitaa la solo linapochukua nafasi, vichanganye, okota kimoja na uanzie hapo hapo.

Lakini kama utafuata jambo moja tu katika barua hii, naomba liwe hili. Mwombe mpiga dramu wenu saa moja, ninyi wawili peke yenu. Mwambie apige ngoma kubwa ya mguu na sinea (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali), basi, hakuna kingine, kwenye mapigo 70 kwa dakika. Kila mguu wake unaposhuka, wewe piga noti moja, ile ya msingi ya wimbo. Isikilize ngoma yake. Gitaa lako usilisikilize. Mwanzoni utasikia milio miwili: ile "du" ya ngoma, na besi ikija nyuma yake kidogo, au ikitangulia. Msibadilishe kitu, endeleeni. Itafika mahali milio miwili inakuwa mmoja, na utahisi kana kwamba gitaa lako limezimika, kwa sababu mwanzo wa noti yako umeingia ndani ya mlio wa ngoma na kilichobaki nje ni uvumi wake tu. Wapigaji wapya wakifika hapo huogopa, wakaongeza sauti. Usiongeze. Kaa humo. Hapo ndipo nyumbani kwa besi.

Mkishatulia, anza kuubadilisha urefu wa noti. Iache ivume hadi mwisho wake. Halafu ikate kwa kiganja papo hapo sinea inapolia. Noti ni zile zile, mwendo ni ule ule, lakini mara ya kwanza wimbo unaburuta miguu na mara ya pili unaruka. Sasa utakuwa umeelewa kwa mikono yako kitu ambacho hakisomeki kwenye karatasi ya noti, kwamba mpiga besi anaamua noti inakwisha lini kwa uangalifu ule ule anaoamua inaanza lini. Na ukiwa na kazi hiyo ya kusikiliza sinea, sikio halina nafasi ya kujichunguza. Ndiyo maana nakutaka uifanye. Woga unahitaji umakini wako ili ukue, nawe utakuwa umeutumia umakini kwingine.

Siku ya shoo simama karibu naye, upande wa yale matoazi mawili anayoyafungua na kuyafunga kwa mguu, mahali unapoweza kuiona miguu yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, yaani inatumia kama milisekunde 3 kwa kila mita. Ukiwa mita 10 kutoka kwake unamsikia akiwa amechelewa milisekunde 30, nawe unamfuata ukiwa umechelewa tayari. Jukwaa kubwa limezivuruga bendi nyingi ndogo kwa sababu hiyo tu: wamezoea kubanana kwenye chumba cha mazoezi, wakipewa nafasi wanatawanyika. Msitawanyike.

Amplifaya yako pia. Noti ya chini kabisa ya besi ya nyuzi nne ina takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na wimbi lake lina urefu unaozidi mita 8. Linajaa ukumbini na kujikusanya kwenye pembe za ukuta. Sauti za kati na za juu, ambazo ndizo zinazokuonyesha noti inaanzia wapi, huenda mbele moja kwa moja kutoka kwenye spika. Amplifaya ikikaa sakafuni nyuma yako, hizo zinaishia magotini na wewe unabaki na ngurumo. Unajiona husikiki, unaongeza, fundi mitambo anakunja uso, waimbaji hawajisikii. Iinue juu ya kitu imara au iinamishe ikutazame usoni. Ukijisikia vizuri kwa sauti ndogo, nafasi inabaki ya kuwasikia wengine wanne.

Na ukipotea? Maana utapotea tena, kila anayepiga hupotea. Laza vidole vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi bila kuzikandamiza, zinyamaze. Mwili uendelee kwenda na mdundo. Usiitafute noti, sikiliza. Wapiga dramu wengi hupamba kidogo mwishoni mwa mstari, kisha hupiga toazi kubwa kwenye pigo la kwanza la mstari unaofuata. Mwimbaji naye huvuta pumzi kabla ya kuanza mstari, na ukiwa karibu utayaona mabega yake. Subiri hilo pigo la kwanza, uingie na noti ya msingi, nzito, bila mbwembwe. Besi ikinyamaza kwa mizunguko miwili ya mapigo manne na kurudi kwenye pigo la kwanza, ukumbi unadhani ndivyo wimbo ulivyopangwa. Wapo hata watakaosisimka inaporudi. Ikirudi pasipo mahali pake, hapo ndipo vichwa vinageuka. Siku ile hukuharibu kwa kupotea. Uliharibu kwa kuharakisha kurudi. Na mpiga dramu alipokugeukia, mimi nadhani alikuwa anakutafuta akupe pigo la kwanza. Kubalianeni ishara, kichwa kushuka kinatosha, na mkikutana macho tena yatumie.

Wiki tatu kabla ya shoo, mwalike mumeo na watu wengine watano au sita kwenye mazoezi. Pigeni nyimbo zote kwa mpangilio wake, mmesimama, mmevaa, bila kusimamisha wimbo hata mmoja, na msiombe radhi kati ya wimbo na wimbo. Watu sita waliokaa karibu wanatisha kuliko ukumbi uliojaa gizani. Mumeo akikuona mkiwa kazini, nadhani hata namna anavyozungumzia muziki wako itabadilika. Ukimweleza kwa maneno peke yake hatakuelewa.

Nije kwenye viti, kule unakosema kunakuuma zaidi.

Ukienda kusikiliza bendi, besi iache. Kwa wimbo wa kwanza chagua ala nyingine, labda gitaa la rithimu, na uifuate kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuiacha hata pale mwimbaji anapokuita. Utashangaa jinsi anavyopiga vitu vichache, na mahali anapoinua mkono kabisa ili mwimbaji apite. Kwa wimbo wa pili usifuate sauti, fuata macho. Angalia nani anamtazama nani kabla wimbo haujageuka. Nani anatabasamu, na kwa sababu gani. Mara nyingi tabasamu lile ni kosa lililopita ambalo wao wamelisikia na ukumbi haukulisikia. Bendi unazozihusudu nazo zinakosea, binti yangu. Wamejifunza kutoliburuta kosa: mkono uko kwenye noti inayofuata kabla ile mbovu haijamaliza kulia. Ukiona hivyo mara kadhaa, utaanza kufurahia hata namna wanavyojiokoa, na hiyo ni furaha ambayo asiyepiga ala haipati. Kwa nyimbo zinazobaki, weka kazi chini. Imba, cheza, sauti ikukauke kama zamani.

Ukiweza, simama karibu na meza ya fundi mitambo, kwa kuwa huchanganya sauti kwa kusikiliza palepale alipo. Mbele kabisa utapata sauti za jukwaani na pembeni ngurumo. Nenda na mtu asiyepiga chochote, na mkiwa njiani kurudi usimtajie kasoro hata moja. Muulize yeye ameupenda wimbo gani. Tena usiende kwa wakubwa peke yao. Kaa ukasikilize kwaya, bendi za shule, vikundi vya watu wenye kazi zao kama ninyi. Kule utasikia watu wakijaribu, na kujaribu kwao kuna utamu ambao rekodi iliyosafishwa haina.

Kuhusu kulinganisha vidole: mtu unayejilinganisha naye huenda anashika gitaa saa kadhaa kila siku, ilhali wewe una hesabu za kufunga mwisho wa mwezi na watoto wa kulaza. Alexander Borodin, aliyeishi 1833 hadi 1887, alikuwa profesa wa kemia. Muziki aliuandika katika muda uliosalia baada ya maabara na wanafunzi, hata opera yake akaiacha haijakamilika, ikamaliziwa na watunzi wenzake, Rimsky-Korsakov na Glazunov. Kazi zake zinapigwa mpaka leo. Albert Einstein alipiga fidla tangu utotoni, alipenda kukaa na marafiki wakapiga pamoja, na alikubali kupanda jukwaani kwenye maonyesho ya kuchangia hisani. Wote wawili waliupa muziki nafasi ya kweli maishani bila kuufanya ajira, nawe unaweza.

Yule mama aliyekushika mkono alikuja kukupa shukrani, ukamrudishia mkononi. Najua hukukusudia. Safari ijayo mtu akikupongeza, mwambie, "Asante sana, nimefurahi umekuja," kisha mwulize ni wimbo gani umemgusa. Msikilize akijibu. Ukikutana na yule mama tena, mwambie ulikuwa na woga siku ile na kwamba maneno yake umeyakumbuka.

Mwisho ni masikio, na hapa nakuwa mkali kidogo. Kulia kwa masikio baada ya shoo si kitu cha kuzoea, hata kama watano wote mnalia. Kipimo kinachotumika sana sehemu za kazi ni desibeli 85 kwa saa 8 (desibeli hupima ukubwa wa sauti), na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unapungua kwa nusu. Zikifika 100, kiwango ambacho bendi ndogo yenye dramu hukifikia kirahisi kwenye chumba, una dakika 15. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kumbi za muziki mwaka 2022 liliweka ukomo wa wastani wa desibeli 100. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, na mlio huo unaousikia hadi asubuhi ni dalili kwamba zimeelemewa. Mlio ukipitiliza siku mbili, au sikio moja likawa zito kuliko jingine, muone daktari bila kungoja.

Tafuteni vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vyenye kichujio, vinavyopunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana. Vya sponji ni bora kuliko kukosa, ila vinameza zaidi sauti kali, mtabaki na besi na ukungu. Kila mmoja awe na vyake, mpiga dramu kwanza. Ukivivaa mara ya kwanza utasikia pumzi yako imejaa kichwani na wenzako wako mbali, na utatamani kuvivua. Vumilia mazoezi mawili matatu, masikio yatazoea, na utagundua kwamba ngoma ya mguu inasikika kwa usafi zaidi kuliko ulipokuwa bila vizibo. Kwa hiyo vianzie kwenye ile saa yako na mpiga dramu, kabla hamjakaa wote watano.